Rangi ya Saa Tisa

Kabla hakijawa cha Shufaa kilikuwa stoo:
jiko la mkaa lililotoboka, magunia mawili ya nguo
zisizo na mtu wa kuzivaa, na feni aliyoniachia
kaka yangu Twahir alipokwenda Doha,
inayozunguka siku inayotaka yenyewe.

Nimetoa vyote. Nimepiga deki mara tatu.
Chumvi imekula ukuta wa upande wa choo;
ukiugusa, rangi inaruka magamba
kama changu mkononi mwa mpaa samaki.
Mwenye nyumba amesema misumari hapana.
Amesema hivyo akiwa sebuleni, chini ya msumari
alioupiga mwenyewe, wa kalenda ya mwaka juzi.

Basi nikamuuliza mwenye chumba:
Mwanangu, tupake rangi gani?
Nilikuwa nimejiandaa kwa waridi.
Nilikuwa na pesa za waridi, lita nne,
na brashi ya kuazima.
Akafikiri, kidole puani.
Rangi ya saa tisa, akasema.

Saa tisa gani?

Ya mchana. Ya usiku sijaiona.

Mwembe Tayari, duka la vifaa vya ujenzi,
kijana wa kaunta akanifungulia kitabu cha rangi
kama anayechanua karata.
Manjano ya limau, manjano ya siagi,
hii wanaipenda wenye hoteli, hii ya kliniki.
Nikamwambia ya saa tisa. Hakucheka.
Akaweka kidole juu ya moja, akakiondoa.
Hiyo, dada, sijaletewa bado.

Nikarudi Tudor na chokaa, na msasa.

Usiku, nikikwangua, vumbi likiniingia kwenye nyusi,
nikakikumbuka chumba nilicholala mimi, kule Kibokoni:
watoto watano, mkeka mmoja,
na ukuta wangu ulikuwa mgongo wa dada yangu Barke.
Juu yake nilichora kwa kidole herufi za chuoni,
naye akizisoma bila kugeuka.
Hilo ni bakuli, alisema. Ukitaka nun, weka nukta.

Twahir naye ametuma duveti,
nene, ya dubu weupe na theluji.
Mombasa hii, Februari hii!
Tumeikunja mara nne, imekuwa kiti.
Dubu wanakaliwa.

Jumamosi chokaa ikakauka.
Kitanda cha futi tatu na nusu. Kreti la soda,
limelazwa ubavu, ndilo kabati la vitabu.
Neti tumeifunga kwenye nondo za dirisha
upande mmoja, na mpini wa fagio upande wa pili.
Nikasema: imebaki kupamba.
Shufaa akaniketisha juu ya dubu. Ngoja, akasema.

Tukangoja. Alasiri bado haijaadhiniwa.
Kule chini, juu ya paa la Bi Mwanakheri,
kuna pipa la maji lisilo na kifuniko,
na jua likalifikia,
likadunda, likaingia kwetu,
likajimwaga ukutani, jembamba, la majimaji,
si manjano, si nyeupe.
Bi Mwanakheri akichota, ukuta mzima unatetema.
Akiacha, unatulia polepole,
kama mtoto aliyekwisha kulia.

Miaka minne nimeishi na stoo hii imefungwa.

Shufaa akasimama katikati ya ule mwanga,
akachora kitu kwa kidole.
Nini hiki?
Bakuli, nikasema.
Nun!
Na nukta iko wapi?
Akanyanyuka kwa vidole vya miguu,
akagusa kitundu cha msumari wa zamani
nilichosahau kukiziba.

Saa tisa na dakika ishirini ukuta ukawa ukuta.
Nikaenda kumrudishia jirani brashi yake, kavu.
Habari ya masika, mawingu yakija,
tutazungumza masika yakifika.